Mizani

Ukungu wa Isyonje hauondoki kabla ya saa nne,
na tajiri wa magunia hufika saa moja,
kabla mtu hajaona vizuri anachouza.

Daftari langu ni la kurasa mia, jalada la bluu.
Mbele nimeandika madeni:
mbolea mifuko miwili, kwa Ambakisye;
dawa ya kupulizia, nusu, bado;
mchango wa dawati la Subilaga,
dawati ambalo hajawahi kulikalia bila wenzake watatu.
Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kuja huku,
naandika yale ambayo hakuna anayenidai.

Sikupanga. Ni usiku ule wa Julai
sakitu iliposhuka bondeni
na majani ya viazi yakaamka meusi.
Nilitaka kuandika hasara, nikakosa safu yake.
Ipo safu ya tarehe, ya bidhaa, ya shilingi.
Haipo ya mtu aliyesimama tutani alfajiri
na blanketi la mtoto mabegani,
akishika jani, likimvunjikia mkononi.
Basi nikageuza daftari.

Nilianza kama naandika barua ya dukani:
*Naomba univumilie hadi mavuno.* Nikafuta.
Nikaandika: *Sakitu imepita shambani kama mpiga pasi mlevi.*
Nikacheka. Jikoni, saa tisa usiku,
mtu aliyepoteza robo eka, anacheka,
mkono mdomoni asiamshe watoto.
Nikaogopa kidogo.

Tangu hapo kila kinachonikera nakipeleka nyuma.
Paa linalovuja juu ya kitanda tu, si pengine.
Mama mkwe na kikohozi chake
kinachoanza mara nikitaja hela.
Na lumbesa. Hilo gunia lenye gunia jingine kichwani,
limefumwa kamba hadi linafanana na mjamzito,
na tajiri anasema, "Mama, gunia ni gunia."
Mizani? Iko kwenye gari, anasema. Imeharibika.
Kila mwaka imeharibika.

Hilo nililiandika kwa vina, kama tulivyofundishwa darasa la sita:

*Gunia limeshonewa, kamba juu ya kipimo,*
*Bei moja nimepewa, shehena bila kikomo,*
*Nami ndani nashonewa, yamenijaa mdomo,*
*Nani atayefungua, lumbesa ya moyo wangu?*

Nilihesabu kwa vidole, nane huku, nane huku.
Mstari wa pili ulikuwa umezidi moja;
nikaupunguza, kama mtu anayetoa kiazi kwenye debe.
Ndipo nikakaa kimya, kalamu mkononi:
kumbe mizani ninayo.
Ile ninayonyimwa barabarani
ninayo hapa, haidanganyi, haiharibiki,
na siwezi kupimia hata kilo moja.

Jumanne Ambakisye alikuja kudai.
Nilikuwa natoa majivu. Alichukua daftari mwenyewe,
akalifungua kinyume.
Nilimwona midomo ikichezacheza.
Akarudi mwanzo wa ukurasa, akasoma tena,
akauliza, "Huyu mpiga pasi ni nani?"
Sikujibu.
"Na mimi nimo humu?"
Nikamwambia ukurasa wa nne kutoka mwisho.
Akausoma amesimama, kofia kwapani.
Humo nimesema anahesabu noti
kama anayemchambua mtoto chawa.

Deni hakusamehe. Asidhani mtu.
Alinipa hadi Jumamosi,
na akiwa mlangoni akasema
ule wa gunia nimnakilie,
aubandike dukani, juu ya rula ya vitenge,
matajiri wauone wakija kununua soda.

Sijamnakilia bado. Nafikiria.
Madeni yanakuja kutoka mbele,
mashairi yanakuja kutoka nyuma,
katikati zimebaki karatasi kumi na moja.
Subilaga ananiomba moja ya kuchorea ramani.
Nimemwambia asubiri,
nione kwanza nani atawahi kufika.